Kivuli cha Saa Sita: Shajara ya Siku ya Familia katika Idara ya Fizikia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mkuu wa idara ametia saini leo. Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba milango ya idara yetu ya fizikia, hapa Dar es Salaam, itakuwa wazi kwa familia kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana, bila kiingilio. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kuratibu. Ni fundi sanifu wa maabara, huu mwaka wa kumi na moja, na hakuna kifaa kitakachotoka stoo siku hiyo ambacho sijawahi kukifungua na kukifunga. Nitaandika kila hatua hapa ili atakayeifanya kazi hii mwakani asianzie sifuri.

Tarehe haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na jua hutupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, halafu tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Adhuhuri ya siku hizo nguzo ya umeme inakaa juu ya kivuli chake. Kuna watu wameishi jiji hili miaka hamsini na hawajawahi kutazama miguuni pao saa sita ya siku hiyo. Nataka watoto wakione kivuli kikiisha, na nataka wawe na wazazi wao pembeni.

Kwa sababu hiyo nimeomba jambo moja kwenye kikao, nalo limepita: hakutakuwa na safu ya viti ambako wazazi wanakaa kusubiri watoto wamalize. Kila meza iwe na kazi inayotaka mikono minne.

Alhamisi, 14 Agosti

Bajeti imepita, ndogo kuliko tuliyoomba. Nitrojeni ya kimiminika imekatwa kwenye orodha, na sijasikitika sana, maana ni kitu cha kutazamwa kwa mbali. Fedha iliyobaki inatosha mahema mawili, maji ya kunywa, karatasi za manila na vikorokoro vya mezani. Wanafunzi wengi wako likizo au kwenye mafunzo kwa vitendo, ila 22 walioko mjini wamejiandikisha kujitolea.

Neno "bure" limekula nusu saa ya kikao. Nilimwomba mama anayefanya usafi kwenye jengo letu akae nasi, kwa kuwa ndiye pekee kati yetu anayewajua watu tunaowataka. Akatuambia wazi kwamba mtaani kwake wakiona tangazo la chuo kikuu limeandikwa "bure", watajua ndani kuna fomu au kuna kitu watauziwa. Maneno yaliyochapwa kwenye bango ni yake, hatukuongeza nukta: "Hakuna kiingilio, hakuna fomu, hakuna kinachouzwa. Njoo na mtoto, njoo na bibi."

Jumanne, 26 Agosti

Nimeshinda Gerezani, mtaa wa mafundi hapa mjini. Fundi mmoja anayesuka mota za pampu amenipa mabaki ya waya wa shaba yanayotosha meza nzima, na alipojua ni ya watoto akakataa hela. Sumaku tunazitoa kwenye spika mbovu ambazo wanafunzi wamekusanya kwa mafundi redio.

Mota yenyewe ni hii: betri moja ya tochi, pini mbili za usalama zilizobanwa kwa raba kwenye ncha zake, sumaku juu ya betri, na koili ya mizunguko kumi iliyopitishwa kwenye matundu ya pini. Siri yote iko kwenye kukwangua. Waya huu una vanishi isiyopitisha umeme. Ncha moja unaipiga msasa pande zote. Ncha ya pili unaiweka ukingoni mwa meza, koili ikiwa imesimama wima, unakwangua upande wa juu tu na kuacha vanishi upande wa chini. Ukikwangua yote, koili inatikisika kidogo na kusimama: umeme unapita muda wote, na ile kani iliyoisukuma mbele kwenye nusu ya kwanza ya mzunguko inairudisha nyuma kwenye nusu ya pili. Ikibaki nusu ya vanishi, umeme unakatika pale ambapo ungeharibu, na koili inamalizia mzunguko kwa mwendo iliokwisha kuupata.

Jioni nimeijaribu na mwanangu wa miaka tisa. Mara tatu tulishindwa, kwa sababu kila alipogeuza waya kidogo msasa uligusa upande wa pili. Mara ya nne alishika koili kwa vidole viwili, akabana pumzi, mimi nikakwangua. Ikazunguka hadi betri ikapata moto. Hiyo ndiyo mikono minne niliyokuwa naisema.

Jumamosi, 6 Septemba

Zoezi la kwanza la wanaojitolea, na siku iliyonikosesha usingizi.

Kwenye meza ya mpiga mbizi alikuwa binti wa mwaka wa tatu, mmoja wa wanafunzi wetu hodari. Kazi ni rahisi: kifuniko cha kalamu chenye donge la udongo wa kuchezea kinaelea ndani ya chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa na kufungwa. Ukibonyeza chupa kinazama, ukiachia kinapanda. Mbele yake nilimweka mtoto wa jirani yangu, darasa la sita. Binti akaanza kueleza, na sentensi zake zilikuwa na vitenzi vya Kiswahili na majina yote ya Kiingereza. Mtoto akamtazama kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Dada, hiyo si kanieneo?"

Binti akanigeukia mimi. Lile neno, ndiyo "pressure" ya vitabu vyake, alilisoma akiwa mdogo kama huyo mtoto. Tangu kidato cha kwanza kila kitu cha sayansi amekisoma, amekiandika na amefanyia mtihani kwa Kiingereza, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyemwomba aseme fizikia kwa lugha anayoongea na mama yake. Nikawajaribu wengine meza kwa meza. Wote wakawa hivyo. Wanajua, ila hawana mdomo wa kukisemea wanachokijua mbele ya bibi.

Tukaacha kila kitu. Mtoto akapewa kalamu na karatasi ya manila, akawa mwalimu wetu kwa saa nzima: kani, kanieneo, ujazo, mkondo wa umeme, wenzo, uvukizi. Akikwama tulitafuta pamoja. Kisha nikawapa kila mmoja kazi ya nyumbani: umpigie simu mama, au shangazi, au yeyote aliyekulea, umweleze meza yako bila neno moja la Kiingereza, halafu yeye akurudishie alichoelewa. Akikosea, kosa ni la maelezo yako.

Jumatano, 17 Septemba

Leo nimehangaika na mashine ya Van de Graaff, ile ya tufe la chuma inayosimamisha nywele. Kwenye vitabu inapiga cheche ndefu. Hapa pwani, kuanzia saa nne asubuhi, haifanyi lolote. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na utando mwembamba wa maji unaoshika kwenye mkanda na kwenye nguzo ya plastiki unatosha kuvujisha chaji yote kabla haijajikusanya. Tumeikausha kwa draya ya saluni na kuifungia kwenye chumba chenye kiyoyozi. Baada ya saa mbili ikaamka, nywele za kijana mmoja zikasimama. Itabaki humo humo, mlango umefungwa, watu kumi kwa zamu.

Nikiwa nafuta ule mkanda nikakumbuka mtungi wa bibi yangu, nikaona kwamba hadithi hizi mbili ni moja. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji yanapenya kwenye kuta zake na kuvukizwa nje, na kila tone linaloondoka huondoka na joto. Lakini hewa ikiwa tayari imeshiba unyevu, uvukizi unapungua. Leo saa nane mchana hewa ya kivulini ilikuwa nyuzi 30, maji ya ndoo ya plastiki 30, maji ya mtungi 26. Dodoma, penye hewa kavu, mtungi ule ule ungeshuka zaidi. Unyevu unaoizima mashine yetu ndio unaouzuia mtungi kufika mbali. Meza ya mtungi imeongezwa, na itakuwa jirani na mlango wa chumba cha cheche.

Jumamosi, 27 Septemba

Zoezi la kivuli, na limeharibika kwa faida yetu.

Tumesimamisha fimbo tatu za mita moja uani. Kwa hesabu, saa sita na dakika 14 kivuli kilipaswa kuwa karibu sentimita 8.7 kuelekea kusini, maana jua bado liko upande wetu wa kaskazini. Tukapata 6.9, 8.1 na 10.2. Sababu ni kuinama: fimbo ya mita moja ikilala nyuzi moja tu, ncha yake inahama karibu sentimita 1.7. Na hata ikiwa wima kabisa, ncha ya kivuli haina ukingo wa kueleweka. Jua si nukta, lina upana wa karibu nusu nyuzi, kwa hiyo ncha imezungukwa na ukungu wa karibu sentimita moja. Siku ambayo kivuli chenyewe hakitafika sentimita moja, tutapima nini?

Dawa imetoka kwa mlinzi wetu, ambaye zamani alikuwa fundi mwashi. Akauliza kwa nini tunahangaika na fimbo wakati kuna timazi, ule uzi wenye jiwe mwishoni. Sasa tunafanya hivi: kipande cha kadi ngumu chenye tundu dogo kinashikiliwa mlalo na stendi ya maabara, sentimita 100 kutoka kwenye karatasi. Kutoka kwenye tundu tunateremsha timazi na kuweka alama inapogusa. Tunatoa timazi, na katikati ya kivuli cha kadi linabaki duara dogo la mwanga, upana wa milimita 9. Watoto watadhani ni umbo la tundu. Fanya tundu la pembe tatu, duara linabaki duara, kwa kuwa ile ni picha ya jua lenyewe. Tunapima kutoka alama ya timazi hadi katikati ya duara. Hakuna cha kuinama tena. Vipimo vitatu: 8.6, 8.7, 8.7.

Nimempigia mwanafunzi wetu wa zamani anayefundisha sekondari Arusha. Atatengeneza kadi kama hii na kupima siku hiyo hiyo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Meza ya Mpemba ndiyo iliyotupa ubishi mkubwa kuliko zote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa ikigombewa, naye akaweka yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, ambaye hakuchemsha kabisa, bado yalikuwa uji mzito. Alipouliza sababu akaambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza mpaka alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, ambako mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, alikuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka aliposimama. Osborne aliporudi chuoni akaagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Ubishi wetu ni kwamba tumerudia jaribio mara tisa, maji moto na maji ya kawaida kwenye vikombe vinavyofanana, na ya moto yametangulia mara mbili tu. Si sisi peke yetu: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipitia vipimo vingi na hawakupata ushahidi wa kuwaridhisha. Wengine bado wanaliona na kulieleza kwa njia mbalimbali, kama barafu ya rafuni inayoyeyuka chini ya chombo cha moto na kukifanya kishikane vizuri na ubaridi. Vijana wawili walitaka tuifiche ile saba, tuonyeshe mbili. Nimekataa. Mpemba alisema alichokiona kwa macho yake, nasi tutasema tulichokiona, yote tisa, kwa chaki ubaoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mahema yamefika. Darubini imefungwa ubao mweupe wa kupokea picha ya jua, na kijana mmoja hatabanduka hapo kutwa: hakuna jicho litakaloruhusiwa kukaribia lenzi. Maji yameagizwa. Naogopa mawingu.

Jumamosi, 11 Oktoba, usiku

Miguu inaniuma lakini nataka niandike kabla sijalala.

Saa mbili na nusu tayari familia ya kwanza ilikuwa getini, baba na watoto wanne waliopanda daladala mbili. Alisimama mbali akituangalia hadi binti wa meza ya mpiga mbizi alipokwenda, akamwamkia shikamoo, akamshika mkono mdogo kuliko wote na kuingia naye. Kila aliyeingia alitia punje moja ya mahindi kwenye chupa. Hadi saa tisa punje zilikuwa na uzito wa gramu 141, na punje 100 tulizozipima asubuhi zilikuwa gramu 33. Watoto wakagawanya wakapata watu 427. Tukazihesabu moja moja: 419.

Saa nne na dakika 40 umeme ulikatika. Chumba cha cheche kikafa papo hapo, na ndani ya dakika ishirini unyevu ulikuwa umekirudia kila kitu. Friji ya Mpemba nayo ikazima, vikombe vikiwa na utando wa barafu tu. Nilisikia tumbo linanishuka. Lakini umati haukutoka. Uligeukia kwenye mota, kwenye chupa, kwenye mtungi. Mezani kwa mtungi bibi mmoja wa Kigogo alimwondoa mwanafunzi wetu kwa upole, akawaeleza watoto jinsi mtungi mpya unavyochaguliwa kwa kuugonga na kusikiliza, na kwa nini usipakwe rangi nje. Mwanafunzi akadakia: rangi inaziba vitundu, maji hayapenyi, uvukizi unakoma. Bibi akamwambia, "Ndiyo hayo hayo, mjukuu wangu, wewe umeyapa majina."

Saa sita kasoro tulikuwa wote uani, na mawingu yalikuwa yanapita. Kadi kumi na mbili, timazi kumi na mbili, familia zimepiga magoti kuzunguka karatasi. Duara la mwanga lilikuwa likitambaa kutoka magharibi. Saa sita na dakika 10 likawa limebakiza sentimita 0.8 tu kuifikia alama ya timazi, upande wa kaskazini, likaanza kwenda zake mashariki. Mtoto mmoja aliinuka akajitazama. Kivuli chake chote kilikuwa duara la kichwa na mabega, chini ya viatu. Akamvuta mama yake mtandio: "Mama, na wewe huna!" Uani pote watu wazima walikuwa wanajizungusha wakitafuta vivuli vyao.

Arusha jua huchelewa kufika kileleni kwa dakika kumi, kwa kuwa mji uko magharibi yetu. Tulisubiri simu kimya kabisa. Jibu lilikuja na picha: sentimita 6.5, kaskazini. Tofauti, 5.7. Kinachobaki ni pembetatu mbili zinazofanana, njia ya yule Eratosthenes aliyeipima Dunia kule Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: sentimita 5.7 kwa sentimita 100 ni kama umbali wa kwenda kaskazini kutoka Dar hadi usawa wa Arusha kwa nusu kipenyo cha Dunia.

Hapo baba mmoja akapinga. Tuliandika ubaoni kilomita 380, na yeye ni dereva wa basi la njia hiyo: ni zaidi ya 600, anazijua zote. Sikumjibu mimi. Nilimpa kalamu na ramani, akachora mwenyewe njia yake, kwanza magharibi hadi Chalinze, halafu juu Segera, Korogwe, Same, Moshi, kisha magharibi tena. Aliuweka rula wima kutoka usawa wa Dar hadi usawa wa Arusha, akapima, akazidisha kwa kipimo cha ramani. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Kwa kwenda kaskazini peke yake, 380. Zinazobaki ni kona." Watoto wakapiga hesabu: kilomita 6,667. Kitabuni nusu kipenyo cha Dunia ni karibu 6,371. Kwa kadi, uzi na jiwe!

Mwenye meza ya Mpemba, bila friji, alibaki na ubao wake wa tisa. Mama mmoja anayeuza barafu za ukwaju nyumbani kwake akasimama muda mrefu akiusoma. Akasema akichelewa huingiza juisi ikiwa bado moto, na hajawahi kuangalia ipi inatangulia. Alipewa karatasi ya kujazia na namba ya kutuma majibu.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikukuu ya Mwalimu Nyerere, nimekuja kurudisha vifaa stoo kwa utulivu. Vimevunjika vikombe viwili na pini hazihesabiki. Kadi tano zenye tundu zimeondoka na watoto, kwa idhini yangu. Yafuatayo ni ya kurekebisha: jenereta ndogo ya friji, meza ya mota iwe na misasa mara mbili, maji ya kunywa yaliisha saa saba, na hilo ni kosa langu. Zoezi la lugha lianze wiki ya kwanza, kabla hata ya kuchagua meza.

Jua litarudi juu yetu Jumanne, 3 Machi 2026, safari hiyo saa sita na dakika 35. Ni siku ya shule na ni Ramadhani, kwa hiyo tutakwenda sisi kwenye shule za msingi, tukiwa na kadi na timazi tu.

Mama wa barafu ametuma majibu ya usiku tatu: ya moto imetangulia mara moja, ya baridi mara mbili. Anasema vidole havimtoshi kujua moto ni moto kiasi gani, anaomba kipimajoto. Nimekifunga kimoja kwenye gazeti, cha pombe nyekundu, si cha zebaki, na nitampitishia jioni nikirudi nyumbani.